Harufu ya Udongo Uliofukuliwa

Mdomo wangu hauna mlango, muulize mtu yeyote hapa Igowole atakwambia. Nilitoka Rungwe kuja kuolewa huku Mufindi miaka ishirini na miwili iliyopita, na wiki ya kwanza tu wakwe zangu walisema Tupokigwe huyu anaongea hata na mafiga. Sikatai. Kwa hiyo nikikuambia kwamba mwaka huu kuna jambo nililinyamazia kwa siku tano, ujue nakueleza kitu ambacho hakijawahi kunitokea. Nazijutia siku hizo kuliko maneno yote niliyowahi kusema.

Habari yenyewe ni ya shemeji yangu Aroni, kaka mkubwa wa mume wangu Saulo. Saulo anapasua mbao, wiki nzima yuko msituni. Aroni anatega fuko. Ana miaka hamsini na saba, mkewe ametangulia mbele ya haki, watoto wake wako mjini, na siku nyingi chakula chake cha jioni anakila jikoni kwangu. Ni mtu wa maneno machache, na hilo lilitufaa, kwa sababu mimi nilikuwa na ya kututosha wote wawili.

Fuko, kama humjui, ni mnyama wa chini ya ardhi, mnene kama kiatu cha mtoto, mwenye macho madogo yasiyo na kazi na meno ya njano yaliyochomoza nje ya midomo. Juu hatoki. Anachimba njia zake chini ya shamba, na akifika kwenye shina la kiazi analivuta kutokea chini. Unasimama unaangalia shamba lako linazama shina moja baada ya jingine, na anayelivuta humwoni. Huku kwetu watu wa viazi tunamwogopa fuko kuliko ukame.

Aroni hakufundishwa kazi hii na baba yake, alifundishwa na mama. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya chai, akachuma mpaka mgongo ukakataa, ndipo akairudia kazi aliyoiona utotoni. Kanuni yake ni moja tu: fuko hapendi mlango wazi. Ukiifukua njia yake, upepo ukaingia, hana raha, lazima aje aizibe. Basi mtegaji anaifungua kwa jembe, anaweka kitanzi cha kamba ndani ya shimo, kamba anaifunga kwenye fimbo iliyokunjwa, halafu anaondoka. Fuko anakuja akisukuma udongo, anagusa kijiti, fimbo inanyooka, kitanzi kinamkaba. Aroni alikuwa akimkata mkia na kuuchomeka kwenye kijiti mwisho wa tuta ili mwenye shamba auone. Nyama ilikuwa yake. Ujira ulikuwa debe la viazi kazi ikiisha, na hapakuwa na kijiji cha karibu ambacho hakikumwita.

Lakini alikuwa akilalamika, na mimi nilikuwa nikimcheka. Alisema zamani fuko walikuwa wajinga. Mama yake alikuwa akifungua njia asubuhi, anapalilia matuta mawili, akigeuka tayari fimbo imenyooka. Fuko wa siku hizi wanangoja siku mbili kabla ya kuja. Wengine wanasukuma mbele yao udongo mwingi, kitanzi kinazibwa kabla shingo haijafika. Wengine wanatoboa njia nyingine chini ya mtego wanapita zao. Nikamuuliza kama serikali imewafungulia shule ya kata. Hakucheka.

"Shemeji, wale wapumbavu tumeshawala wote," alisema. "Waliobaki kuzaa ni wajanja. Tumewachagua sisi wenyewe, kwa mikono yetu."

Naye akabadilika kwa ajili yao. Aliacha sabuni ya kunukia kwa sababu fuko wanaisikia. Aliacha ugoro. Akiingia shambani alivua viatu, maana kishindo kinafika chini kabla yako. Kamba ya nailoni aliitupa, akaanza kusokota mwenyewe kamba za magome, nyembamba, za rangi ya udongo, ambazo mtu yeyote akiiona moja anajua hii ni ya Aroni. Na kubwa kuliko yote, akaanza kutega ndani. Kwa mama yake kitanzi kilikaa kiganja kimoja tu kutoka mlangoni. Sasa Aroni alilala kifudifudi juu ya tuta, akaingiza mkono wa kulia shimoni mpaka begani, akapapasa ukuta wa njia kwa vidole akisikiliza kama ni laini, yaani kama fuko bado anapita. Nilimwona mara moja katika hali ile, shavu limelalia udongo, mkono hauonekani. Nilimwambia siku moja atashikana mkono na kitu ambacho hakikualikwa. Nilikuwa natania.

Mwezi wa kwanza aliitwa na Veronika. Huyu ni jirani yangu, mjane, shamba lake la ekari moja na nusu liko mteremkoni, ng'ambo ya bonde kutoka nyumbani kwake, limepakana na miti ya milingoti na juu ya milingoti kuna mawe. Veronika ndiye aliyenipokea nilipokuja ugenini. Alinifundisha kuitikia kamwene, salamu ya huku, bila kuchekwa, na nilipojifungua Lugano, mtoto wangu wa kwanza, ndiye aliyenikanda maji ya moto siku saba. Mambo haya nayataja sasa kwa sababu baadaye yatanisuta.

Aroni akafungua mashimo arobaini na zaidi katika shamba lile. Mikia ikaanza kuonekana mwisho wa matuta, mitatu, mitano, tisa, na Veronika akawa anaimba akija kupalilia. Kisha, mwezi wa pili, mitego ikaanza kunyooka bila kitu. Fimbo imeruka, kamba imevutwa mpaka imekatika, damu kidogo mlangoni, fuko hayupo. Aroni alidhani ni nguchiro. Akategea nguchiro, hakunasa. Mtego wa nne ulipoporwa aliona alama kwenye udongo laini, mfuo mpana ulionyooka kutoka kwenye milingoti mpaka kwenye shimo lake, kana kwamba mtu ameburuta gunia dogo. Hapakuwa na nyayo.

Alama ile ilikuwa ya kifutu. Kifutu tunamjua, ni nyoka mfupi, mnene, rangi ya majani makavu. Wengi humwita mvivu kwa sababu hakimbizi windo. Analala pale anapojua windo litapita, anangoja, siku moja, siku tatu, hata wiki. Mbwa anampita karibu asimnuse. Miaka yote vifutu walikaa juu kule kwenye mawe wakiotea panya, na mtu aliyeumwa alikuwa ni mwokota kuni asiyetazama anapoweka mguu. Shambani hawakuwa na shida napo. Fuko yuko chini, kifutu yuko juu, hawakuwa wakionana.

Sasa kuna mtu aliyepita akifungua milango.

Aroni hakuniambia lolote wakati huo. Alikuja, alikula, aliondoka. Niliona tu kwamba ameacha kuvua viatu na kwamba anautazama mkono wake wa kulia kila akinawa. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu akaamua kumngoja mwenyewe huyo mwizi wake. Alimfungulia shimo moja jipya karibu na milingoti, akaketi hatua tatu kutoka hapo na jembe magotini. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili hakuona kitu. Siku ya tatu, Jumatano, alifika alfajiri kwenye ukungu ule wa kwetu ambao hata mkono wako unauona kwa kukisia, akaweka chini mfuko wenye kiporo chake, akaketi pale pale pa jana akalitazama shimo. Alikaa mpaka saa nne. Ukungu ulipopanda na jua likatoka, njaa ikamshika, akanyoosha mkono kuchukua mfuko. Akaona kwamba udongo ulioguswa na mfuko una magamba.

Kifutu alikuwa pale kabla yake. Aroni ndiye aliyekuja akaketi kando yake gizani. Muda wote huo walikuwa wamekaa pamoja, na nyoka hakuwa na habari naye kabisa, kichwa chake kilielekea kwenye shimo.

"Tulikuwa tunatazama mlango mmoja," Aroni aliniambia.

Hayo aliniambia mchana ule ule, jikoni kwangu, baada ya kumuua kwa jembe, kumpasua na kumzika. Alikuwa ameketi kwenye kigoda na chai imepoa mbele yake. Akatoa mfukoni kipande cha kamba kilichooshwa, akakiweka juu ya meza. Nilikitambua, ni kamba ya magome aliyoisokota mwenyewe. Akasema tumboni mwa yule nyoka amekuta fuko wawili, mmoja akiwa bado amefungwa kamba ile shingoni. Nyoka alikuwa akila kwenye mitego yake. Alikuwa amejifunza kwamba panaponukia udongo uliofukuliwa, fuko atakuja mwenyewe kuziba. Fuko na kifutu walikuwa na somo moja na mwalimu mmoja, na mwalimu huyo alikuwa yeye Aroni, aliyempeleka kifutu shimo kwa shimo kutoka kwenye mawe mpaka katikati ya viazi.

Nikamwambia basi, si umeshamuua? Ashukuriwe Mungu, kunywa chai.

Hakuinywa. Alisema upande wa nyuma wa tumbo la yule nyoka ulikuwa umelegea, ngozi imekunjamana kama ya mama aliyejifungua juzi. Kifutu hatagi mayai, anazaa watoto wazima, na kila mmoja anazaliwa na sumu yake mdomoni. Nikamuuliza ni wangapi.

"Ishirini. Thelathini," alisema. "Mama aliwahi kuhesabu thelathini na wawili."

"Na wako wapi?"

"Udongo laini uko wapi pale, shemeji?"

Kwenye matuta. Na hapa lazima nikueleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini niliogopa. Viazi vikikaribia kukomaa, kabla ya mavuno yenyewe, wanawake huwa tunakwenda kupapasa. Huchimbi, hung'oi. Unapiga magoti, unaingiza mkono kwenye tuta chini ya shina, unapapasa kwa vidole mpaka unakuta kiazi kikubwa, unakichomoa taratibu, unarudishia udongo, shina linaendelea kukuza vile vidogo. Ukitumia jembe unakata mizizi na jirani watakucheka. Ni kazi ya mkono mtupu, na huwa tunaifanya kwa kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, huku tukipiga soga. Veronika alikuwa ameshatualika kwenda kwake Jumatatu.

Nikasema twende tukamwambie sasa hivi. Aroni akakataa. Alinieleza kwa sauti ya chini sana, na sikuwahi kumsikia akiongea maneno mengi kiasi kile. Akisema nyoka wanaufuata udongo wake, nani atamwita tena afukue shamba? Hilo lingevumilika. Lakini watu hawataishia hapo. Mzee anayeishi peke yake, asiyeoga sabuni, anayelala chini na kuingiza mkono ardhini, halafu shamba la mjane likajaa nyoka? Watasema amewatuma. Na mtu akishaitwa mchawi hapa kwetu, jina hilo haliondoki hata kwa kuhama. Lingenifikia mimi, na Saulo, na watoto.

"Nipe mpaka Jumapili," alisema. "Nitawatoa wote kabla ninyi hamjaingia."

Nikakubali. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Jioni ile Aroni akaenda kwa Veronika, akamwambia kazi imekwisha, mashimo ameyaziba, naye akapewa debe lake na asante nyingi.

Kuanzia Alhamisi akawa anaingia shambani mle alfajiri kwa siri, anatoka kabla watu hawajaanza kupita. Mwanzo alitumia fimbo yenye panda. Alhamisi aliua wanne, urefu wa shubiri na unene wa penseli. Ijumaa wawili. Jumamosi hakupata hata mmoja, na hilo lilimtisha kuliko kupata. Aliniambia wanaisikia fimbo ikija, wanashuka chini zaidi kwenye viazi. Nilimtazama kama anatania. Hawakuwa na hata mwezi mmoja duniani.

Jumamosi hiyo hiyo mchana, Veronika alikuja kwangu kuazima ndoo. Ilikuwa ile ndoo yangu ya bluu ya lita ishirini, kwa sababu ya kwake imepasuka. Aliketi tukaongea, yaani aliongea yeye, mimi siku hiyo nilikuwa na kazi nyingi za kupangusa vyombo vikavu. Akaniambia kuna mtu anampapasia viazi vyake. Amekuta matuta yamelegezwa na kurudishiwa udongo, mstari mzima upande wa milingoti. Alikuwa na uchungu, mtu wa kumwibia mjane. Akasema Jumatatu tusingoje saa mbili, tuende kukiwa bado na ukungu, huenda tukamkuta. Kisha akasimama, akasema ndoo ataileta na viazi, maana kwetu ndoo ya jirani hairudi tupu.

Nikamkabidhi ndoo. Nilichosema ni, "Haya dada, tutaonana Jumatatu."

Jumapili jioni nilikwenda kwa Aroni kumtahadharisha kwamba wanawake watawahi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo na simu yake haikupatikana. Nikasema moyoni atakuwa amemaliza, si alisema mpaka Jumapili. Nikarudi nyumbani nikapika.

Jumatatu tulikuwa wanawake watano. Tulivuka bonde kimya, Veronika mbele na ndoo yangu ya bluu kichwani, ukungu umetuloanisha vitenge. Tulipokanyaga tuta la kwanza tukamwona. Alikuwa amepiga magoti katikati ya shamba, ametugeuzia mgongo, mikono yote miwili imezama kwenye tuta mpaka juu ya kiwiko. Kando yake kulikuwa na viazi vitano vilivyochomolewa, vikubwa, na mfuko wa kitambaa uliofungwa mdomo. Fimbo yenye panda ilikuwa imelala mbali.

Alitusikia akageuka. Akaitoa mikono polepole. Ule wa kulia aliukunja ngumi mara moja akaubana tumboni.

"Kumbe ni wewe, Baba Peter," Veronika alisema. Peter ni mtoto wa kwanza wa Aroni. Hakupaza sauti. "Juzi nimekupa debe kwa mkono wangu."

Evarista, aliyekuwa mkubwa kuliko sisi wote na hamwogopi mtu, akasema siku za mwizi ni arobaini, na hata anayefukuza fuko kumbe ni fuko. Wengine wakacheka cheko lile la hasira. Mmoja akatoa simu kumpigia mwenyekiti wa kitongoji. Na mimi nilisimama pale pale nyuma ya wote, mimi mwenye mdomo usio na mlango, nikamwona shemeji yangu akiitwa mwizi, nikanyamaza. Niliona jasho linamtiririka usoni katika baridi ile. Niliona ngumi yake imeanza kujaa.

"Msiingize mikono," Aroni alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nawaomba. Msiingize mikono kwenye matuta."

Evarista alisema kweli, tukuachie wewe umalizie. Akafunga kitenge vizuri, akapiga magoti kwenye tuta la pili, akasema tufanye kazi tuliyoijia wakati mwenyekiti anakuja. Akaingiza mkono chini ya shina. Aroni akanitazama. Hakumtazama Veronika wala Evarista, alinitazama mimi.

"Evarista, toa mkono," nilisema.

Wakanigeukia wote. Nikasema tena, toa mkono, kuna watoto wa kifutu humo ndani, Aroni hakuja kuiba. Evarista alibaki alivyo, mkono tutani, akinitazama kama mtu anayengoja mwisho wa utani. Ndipo Aroni akauvuta mfuko wake kwa mkono wa kushoto, akaufungua kwa meno, akaumwaga. Vikaanguka vinyoka viwili, vichwa vimepondwa. Evarista akautoa mkono wake kidogo kidogo, kidole baada ya kidole. Ulikuwa mzima. Akauweka kifuani na hakuunyanyua tena asubuhi ile.

Kisha Aroni akafungua ngumi akatuonyesha. Kidole cha shahada kilikuwa na vitone viwili vidogo, unaweza kusema ni miba, lakini kidole chenyewe kilikuwa kimekuwa cheusi mpaka kwenye kiganja. Aliumwa kabla hatujafika. Alikuwa ameumwa na akaendelea, kwa sababu mstari haujaisha. Baadaye nilimuuliza kwa nini aliiacha fimbo. Alisema fimbo walishaijua, na isitoshe sisi hatukuwa tunakuja na fimbo. Tuta ambalo mkono wake umepita ukatoka salama, na wetu ungetoka salama.

Nashoni wa bodaboda alimbeba, mimi nikakaa nyuma nikimshikilia asianguke. Njia nzima alitapika. Kituo cha afya walimpa walichokuwa nacho, kisha akapelekwa hospitali kubwa. Alikaa huko wiki tano. Walimkata vidole viwili, na vile vilivyobaki havikunji. Mkono huo hautasokota kamba tena wala kukunja fimbo.

Ukweli ulipojulikana, hakuna aliyemwita mwizi. Mchawi pia hawakumwita, si mbele yangu. Lakini hawamwiti kwa lolote. Shamba la Veronika lilichimbwa kwa majembe yenye mipini mirefu, wanaume wamevaa mabuti, na sehemu kubwa ya viazi ilikatwakatwa ikaoza. Waliua vinyoka kumi na mmoja. Jumlisha na wa Aroni unapata kumi na tisa. Huwa nafanya hesabu hii nikiwa nimelala, halafu namkumbuka mama yake Aroni na wale thelathini na wawili aliowahesabu. Fuko wamerudi kila mahali, na vijana wawili wa Igowole wameanza kutega. Wanafukua mashimo mengi kuliko Aroni, na wanaingiza mikono. Aroni amekwenda kuwaambia. Wanamsikiliza kwa heshima, wanautazama mkono wake, wanarudi kufukua.

Bustani yangu ya nyuma, yenye matuta tisa ambamo Aroni alinifukulia mashimo ya mitego mwezi wa kwanza bila kunidai kitu, sijaigusa. Viazi vimechipua humo humo ardhini.

Veronika hakuja kwangu mwezi mzima. Siku aliyokuja nilikuwa uani nachambua mchicha. Alinisalimu, nikaitikia, nikamsogezea kigoda. Hakuketi. Alikuwa ameshika ndoo yangu ya bluu.

"Mama Lugano," alisema, "Jumamosi ile nilipokuja kuazima, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema mengi. Kuhusu watoto, kuhusu jina la Saulo, kuhusu mlango wa Aroni uliofungwa kwa komeo.

"Nilijua tangu Jumatano," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Akaiweka ndoo chini mbele yangu, akaaga, akaondoka. Nilingoja mpaka amevuka uzio ndipo nikainama kutazama ndani. Ilikuwa imeoshwa vizuri sana, na ilikuwa tupu.